Kubadilisha filta ya hewa ya pikipiki ya safari mwenyewe nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ndiyo maswali ninayoulizwa kila mara na wenye mapikipiki makubwa ya safari, nimeyakusanya yote pamoja na majibu yangu. Mengine nimejibu kwa urefu kwa sababu hapo ndipo watu wanaharibu injini, mengine ni mafupi tu.

Hivi filta ya hewa ina kazi gani kubwa hivyo, mbona kuna watu wanatembea miaka bila kuigusa na pikipiki inawaka?

Inawaka ndiyo, lakini kuwaka na kudumu ni vitu viwili tofauti. Petroli haiungui peke yake, kila kilo moja ya petroli inataka kama kilo 14.7 za hewa, na ukipiga hesabu utaona lita moja tu ya petroli inaondoka na hewa kama lita 9,000. Sasa chukua tangi la lita 20, hiyo ni hewa lita 180,000 imepita kwenye kile kipande cha karatasi, na ulikuwa unatembea nyuma ya lori kwenye barabara ya vumbi, yaani hebu fikiria kilichobaki pale.

Vumbi lenyewe sio unga laini kama linavyoonekana. Ndani yake kuna chembe za mchanga ambazo ni ngumu kuliko chuma cha kisu, ukizisugua kwenye kioo zinakwaruza. Zikipita zinakaa kati ya ringi za pistoni na ukuta wa silinda, zinachanganyika na oili, na hapo oili inageuka msasa wa maji maji unaozunguka injini nzima. Hutasikia kelele siku hiyo. Utakuja kuona baadae pikipiki inakula oili, nguvu zinapungua, valvu zinabana kabla ya wakati wake, na kwa injini kubwa kama hizi kazi ya kufungua mpaka kwenye pistoni sio ya mchezo.

Nibadilishe kila baada ya kilomita ngapi?

Fungua kitabu cha pikipiki yako kwanza, hicho ndicho kinajua. Kwa mapikipiki mengi ya safari utakuta namba iko kati ya kilomita 12,000 na 24,000, lakini namba hiyo imeandikwa kwa mtu anayetembea kwenye lami safi. Kama nusu ya safari zako ni vumbi, igawe kwa mbili. Na kama mnatembea kundi na wewe unapenda kukaa nyuma basi ya kwako itajaa mapema kuliko ya yule wa mbele, hata kama mmetembea kilomita zile zile na mmefunga filta siku moja.

Mimi naikagua kila ninapobadilisha oili kama ni rahisi kuifikia. Kama iko chini ya tangi na kuifungua ni kazi ya nusu siku, hapo bora ubadilishe kwa ratiba na uache kuichokonoa chokonoa, kwa sababu kila ukifungua boksi, yaani lile kasha la plastiki filta inamokaa, unaangusha vumbi upande usiotakiwa.

Dalili za filta iliyoziba ni zipi? Pikipiki yangu haijabadilika ulaji wa mafuta, si ina maana iko sawa?

Hapana, hii imani imedanganya wengi. Ilikuwa kweli enzi za kabureta, kile kifaa cha zamani cha kuchanganya petroli na hewa bila kompyuta, filta ikiziba petroli inazidi, plagi zinakuwa nyeusi, moshi unatoka. Kwenye injini ya injekta, ile inayopuliza petroli kwa amri ya kompyuta, kompyuta inapima hewa iliyoingia na inapunguza petroli ilingane nayo, kwahiyo ulaji unabaki karibu ule ule. Maabara ya Oak Ridge ya Marekani walilipima hili kwenye magari mwaka 2009, wakaziba filta makusudi, na magari ya injekta hayakuonyesha tofauti ya maana kwenye mafuta, kilichopungua ni kasi ya kuchanganya. Kwa magari ya kabureta ya zamani ndiyo filta mpya iliokoa asilimia 2 mpaka 6.

Kwahiyo ukisubiri mafuta yakuambie utasubiri sana. Dalili utakayoisikia, kama utaisikia, ni pikipiki kuwa nzito ikiwa imebeba mizigo na abiria kwenye mlima mrefu, unavuta mafuta mpaka mwisho na haikupi kile ulichokizoea. Ila hilo linakuja polepole sana na mwili wako unalizoea, ndiyo maana nasema fuata kilomita, usifuate dalili.

Kwenye pikipiki yangu iko wapi?

Inategemea, na hapa ndipo mapikipiki ya safari yanatesa. Harley-Davidson za safari ni rahisi kuliko zote, iko upande wa kulia wa injini nje kabisa, unatoa kava unaiona. Suzuki V-Strom 650 iko chini ya tangi, unafungua bolti za mbele unalinyanyua tangi kwa mbele, nyuma yake inabaki imeshika. Honda Africa Twin ya CRF1000L ina filta mbili, moja kila upande, na kuna watu wamebadilisha moja wakafunga wakaondoka, kwahiyo hesabu vizuri. Honda Gold Wing 1800 za kabla ya 2018 ndizo zenye kazi, unavua maplastiki mengi ya juu kabla hujaliona boksi, tenga siku nzima kama ni mara yako ya kwanza.

Nahitaji vifaa gani?

Seti ya alenki, boksi spana ndogo kuanzia namba 8 mpaka 12, bisibisi ya nyota na ya bapa, na kwa baadhi ya pikipiki zile bisibisi za nyota ya pembe sita. Vitambaa safi visivyotoa nyuzi, viwe vyeupe, nitakuambia kwanini. Tochi kali. Makopo madogo au trei ya mayai ya kuwekea skrubu kwa mpangilio. Ukiwa na spana ya kupimia nguvu ya kukaza ni vizuri zaidi. Simu ya kupigia picha ndiyo kifaa ambacho watu wanakisahau: piga picha kila hatua kabla hujatoa kitu, hasa mipira na waya zinapita wapi.

Kunyanyua tangi kunaniogopesha, kuna hatari gani?

Woga wako ni sahihi, hapo ndipo pa kuwa makini kuliko sehemu zote. Fanya injini ikiwa imepoa kabisa, tangi likiwa karibu tupu maana lita 20 za petroli ni kama kilo 15 na utakuwa umezishika kwa mkono mmoja, sehemu yenye hewa, hakuna sigara wala jiko wala kifaa chochote cha moto karibu. Toa waya hasi wa betri.

Pikipiki nyingi unanyanyua tu tangi na kulizuia kwa kipande cha mbao, mpira wa mafuta hauutoi. Kama lazima uutoe, kumbuka kwenye injini ya injekta mpira ule una presha, mara nyingi kama bar 3, hata pikipiki ikiwa imezimwa. Uzungushie kitambaa kabla ya kubonyeza klipu, vaa miwani, utoe taratibu. Ile klipu ya plastiki usiilazimishe kwa plaizi, ikivunjika safari imeishia hapo. Ukirudisha isikilize inalia "tik" alafu uvute mpira uone haurudi nyuma.

Nieleze kazi yenyewe kuanzia mwanzo mpaka mwisho.

Anza na kitu ambacho watu wengi wanakiruka: osha au angalau futa eneo lote linalozunguka boksi kabla hujafungua. Juu ya boksi huwa kuna tabaka la vumbi na mchanga uliokaa miezi, ukifungua mfuniko bila kulitoa lote linadondoka ndani na umefanya kwa mkono wako kile ambacho filta ilikuwa inazuia. Futa kwa kitambaa chenye unyevu au tumia mashine ya kunyonya vumbi. Upepo wa kompresa hapa sipendi, unarusha vumbi kila kona.

Weka pikipiki kwenye stendi ya katikati ikiwa inayo, toa siti, toa kava za pembeni. Maplastiki yana vidole vinavyoingia kwenye mipira, usivute kwa hasira, tafuta kidole kiko wapi vuta kwa pale pale moja kwa moja. Ukifika kwenye boksi utakuta skrubu kati ya nne na kumi hivi, wakati mwingine hazilingani urefu, kwahiyo zipange kwenye trei vile vile zilivyokaa. Kama kuna sensa kwenye mfuniko, chomoa soketi yake ya waya kwa kubonyeza ulimi wake, usivute kwa waya.

Ukishafungua mfuniko simama kwanza, usitoe filta. Angalia imekaaje, mshale au maandishi yanaelekea wapi, piga picha. Alafu itoe wima, taratibu, bila kuigonga. Ukishaitoa tu ziba matundu ya kuingilia injini kwa kitambaa kikubwa ambacho hakiwezi kumezwa na kusahaulika, kiache kining'inie nje ukione.

Sasa chukua kile kitambaa cheupe, funga kwenye kidole, pitisha ndani ya upande safi wa boksi, ule uliopo kati ya filta na injini. Kitambaa kinatakiwa kitoke safi au na oili kidogo tu. Kikitoka na vumbi, filta ilikuwa inavujisha, na huo ujumbe ni mkubwa kuliko rangi ya karatasi. Niliwahi kununua pikipiki iliyotumika, nikafungua boksi nikakuta filta mpya kabisa, nyeupe, nikafurahi nikijua aliyekuwa nayo alikuwa anaitunza, alafu nikapitisha kidole upande safi kikatoka na unga wa rangi ya udongo, nikausugua kati ya vidole unakwaruza kama msasa. Kuangalia vizuri kona moja ya gasketi, ule mpira wa kuziba kwenye ukingo wa filta, ilikuwa imejikunja kwenda ndani, sehemu ndogo tu kama upana wa ukucha. Filta nzima ilikuwa haina maana kwa sababu ya ukucha mmoja. Hewa ni mvivu, inapita penye njia rahisi, na pale kona ndipo ilikuwa inapita na vumbi lake.

Kwahiyo futa sehemu ya kukalia filta mpaka iwe safi kabisa, mzunguko wote. Weka filta mpya karibu na ya zamani ulinganishe urefu, upana, unene, gasketi iwe laini unaweza kuibonyeza, mikunjo ya karatasi iwe sawa sawa. Filta feki nyingi zinajulikana hapa, gasketi ngumu kama plastiki na mikunjo imelala upande mmoja. Toa kitambaa ulichozibia, hakikisha umekitoa, weka filta, pitisha kidole kuzunguka ukingo wote uhisi hakuna palipoinuka, ndipo urudishe mfuniko.

Skrubu zinazoingia kwenye plastiki zina mbinu yake: zungusha kwanza kinyume, kama unafungua, polepole mpaka uhisi imedondoka kidogo, hapo imepata njia yake ya zamani, ndipo ukaze. Ukikaza bila kufanya hivyo inachonga njia mpya na baada ya mara tatu nne tundu limekwisha, haishiki tena. Kaza kwa mkono, kwa msalaba, kidogo kidogo, plastiki haitaki nguvu.

Kuna haja ya kupaka grisi kwenye gasketi?

Kwa filta za sponji wengi wanapaka kidogo kwenye ukingo na inasaidia kuziba. Kwa filta ya karatasi fuata kitabu, nyingi zinakaa kavu.

Filta ya karatasi naweza kuipuliza na upepo nikaitumia tena?

Watu wanafanya, mimi sifanyi kwenye pikipiki yangu. Upepo wa kompresa una nguvu ya kutoboa karatasi matundu madogo usiyoyaona, na baada ya hapo filta inaonekana safi huku inapitisha vumbi. Kama umekwama njiani na huna nyingine, igonge taratibu kwenye kiganja, ukipuliza basi kwa presha ndogo sana kutoka ndani kwenda nje na mdomo wa upepo ukae mbali, alafu imulike na tochi kwa ndani gizani uangalie kama kuna tundu linaloangaza kuliko mengine. Ukirudi nyumbani badilisha.

Angalizo: kuna filta za karatasi zenye oili kutoka kiwandani, Honda wanazitumia sana, ukizigusa zinanata. Hizo hazipulizwi wala hazioshwi kabisa, zikifika kilomita zake zinatupwa.

Na za sponji na za pamba?

Hizo zinaoshwa. Ya sponji ioshe kwa dawa yake au sabuni na maji ya uvuguvugu, ikamue kwa kuibonyeza, usiisokote kama nguo inaachia kwenye maungio. Petroli usitumie, inayeyusha gundi, na ni moto. Ikikauka kabisa ipake oili ya filta, sio oili ya injini, kwa sababu oili ya injini inashuka yote chini kabla hujamaliza wiki na sehemu ya juu inabaki kavu.

Ya pamba isuuze kutoka upande safi kwenda upande mchafu, iache ikauke yenyewe hata usiku mzima, alafu oili kidogo kwenye kila mkunjo na uiache mpaka rangi isambae. Kosa kubwa ni kuijaza oili, inavutwa mpaka kwenye throto, ule mlango wa kuingizia hewa kwenye injini, na kwenye sensa.

Nikifunga zile za kuoshwa za michezo nitapata nguvu zaidi?

Kwenye pikipiki ambayo haijabadilishwa kitu kingine, tofauti ni ndogo kiasi kwamba hutaihisi, utakachosikia ni mngurumo wa kuvuta hewa. Filta inayopitisha hewa kirahisi zaidi mara nyingi inapitisha na vumbi zaidi, hiyo ndiyo biashara unayoifanya. Kwa mtu anayetembea maelfu ya kilomita kwenye vumbi mimi nasema baki na karatasi halisi ya kiwandani.

Nimekuta oili ndani ya boksi, injini imeharibika?

Usiogope haraka. Mvuke wa oili kutoka kwenye tumbo la injini unarudishwa kwenye boksi ili uungue, kwahiyo unyevu kidogo ni kawaida. Oili ikiwa imetuama, cheki kwanza kama umejaza kupita alama, hiyo ndiyo sababu ya kawaida zaidi. Na chini ya boksi mara nyingi kuna mpira mdogo wenye kizibo unaokusanya oili na maji, umwage kila ukifungua, hata wenye pikipiki za miaka mingi hawajui kama upo. Ikiwa kiwango cha oili ni sahihi na bado inatuama kila mara, hapo ringi zinaweza kuwa zimeanza kuchoka, peleka wakapime kompresheni.

Nimevuka mto, filta imeloa. Nifanye nini?

Usiwashe. Maji hayabanwi kama hewa, yakiwa ndani ya silinda na pistoni ikapanda kitakachopinda ni konrodi, ule mkono wa chuma unaoishika pistoni. Toa filta, kausha boksi, toa plagi, hakikisha injini imezunguka bila plagi mpaka maji yametoka yote. Karatasi iliyoloa haina nguvu, inaweza kuchanika na kuvutwa, weka mpya.

Nimekuta majani na manyoya, ni nini?

Panya. Pikipiki ikikaa miezi bila kutembea wanapenda sana humo, na sehemu ya kwanza kukagua ni kama wametafuna karatasi au gasketi na waya za karibu.

Nimeangusha nati ndani, sijui imeenda wapi.

Hakuna kuwasha mpaka imepatikana, hata kama giza limeingia, hata kama kesho ni safari. Sumaku ya kunasia yenye shingo ndefu inasaidia, lakini washa za aluminiamu na skrubu za chuma kisichoshika kutu mara nyingi hazishikwi na sumaku, hapo ni tochi na subira. Hesabu skrubu zilizo kwenye trei ulinganishe na picha zako, mara nyingine utakuta haikuingia kabisa, iko juu ya injini au chini kwenye sakafu.

Nimemaliza, sasa inanguruma vibaya ikiwa imesimama na taa ya injini imewaka.

Karibu kila mara ni kitu ulichosahau kurudisha. Angalia soketi ya sensa ya joto la hewa, ile uliyochomoa kwenye mfuniko. Alafu mipira midogo midogo ya upepo, mmoja ukiachia injini inavuta hewa isiyopimwa na mngurumo unapanda na kushuka. Alafu klampu za mipira kati ya boksi na throto, kama ulinyanyua boksi lenyewe inawezekana halijakaa vizuri juu yake. Kompyuta haihitaji kufundishwa upya kwa sababu ya filta tu, akikuambia mtu hivyo muulize sababu.

Safari ndefu nibebe ya akiba?

Kama kuna vumbi zaidi ya siku chache ndiyo, ni nyepesi, ila ibebe ndani ya kitu kigumu, filta iliyokunjwa chini ya mizigo haifai. Na kabla ya kuondoka jaribu kuibadilisha nyumbani mara moja kwa vifaa vile vile vya safari, utajua mapema kama alenki yako ni fupi haifiki bolti ya nyuma.

Nitajuaje kama nimeifunga vizuri?

Tembea kilomita 500 hivi, ikiwezekana na vumbi ndani yake, kama filta yako inafikika kirahisi ifungue tena na urudie kitambaa cheupe upande safi. Kikitoka cheupe, funga na usiiguse tena mpaka kilomita zake. Kikitoka na rangi ya udongo, usiilaumu karatasi kwanza, zungusha tochi kwenye ukingo wote taratibu, utaona mstari mwembamba wa vumbi umelala juu ya gasketi, na pale mstari unapokatiza ndipo inapovuja.